Mtoto wa Watu Nyumbani Kwangu

Jumapili, 3 Machi

Asubuhi binti yangu ameondoka, na jioni hii mtoto wa watu amelala kitandani kwake.

Ndivyo shule ilivyopanga. Wachache wa kwetu waende shule rafiki ya ng'ambo, wachache wa kwao waje huku, kila mmoja akae nyumbani kwa mwenzake mpaka muhula uishe. Watajifunza kulima bila kuichosha ardhi, kutengeneza mboji, kuvuna maji ya mvua. Binti yangu amekwenda kwa mama wa msichana huyu, na msichana huyu amekuja kwangu. Dada yangu anasema hatukubadilishana watoto, tumewekeana rehani.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na dirisha lake linatazama barabara inayopanda mlimani. Tangu mke wangu afariki naishi na binti na dada yangu mkubwa. Dada haogopi kitu. Woga wa ukoo mzima nimerithi mimi.

Mgeni amenipa shikamoo safi kabisa. Baada ya chakula akatoka chumbani na taulo begani, akasimama mbele yetu, akasema kwa utulivu: "Ninaogopa." Dada akamkumbatia. Mimi nikaingia chumbani kwake nikainama kutazama chini ya kitanda, maana nilidhani kuna nyoka. Kumbe alitaka kuoga.

Jumanne, 5 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja ya tatu. Amerudi kutoka shuleni na malengelenge viganjani, anafurahi kama aliyepewa zawadi. Nimempaka mafuta huku nikijiuliza mama yake angesema nini.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfuata mpaka lango la shule, kwa mbali, nikijifanya naenda kununua nyuzi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua nyuzi tena.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu amepiga simu, kama tulivyokubaliana kila Jumapili. Anasema kuna baridi, anasema mama wa huko humvalisha sweta mbili na kumtazama akila mpaka aone aibu. Nikamuuliza kama anaogopa. Akacheka, akasema, "Baba, mimi siogopi, wewe ndiye unaogopa kwa niaba yangu."

Mama yule hajui lugha yetu hata neno moja, nami sijui yake. Tumesikilizana tukipumua, kisha nikasema ahsante, naye akasema kitu nadhani ni ahsante.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza.

Jumamosi, 16 Machi

Ni vizuri nieleze habari za bwawa, maana Mgeni hazungumzi kingine. Juu ya shule kuna mlima mdogo, na katikati yake kuna korongo linaloteremka hadi kwenye bustani ya wanafunzi. Kiangazi kilichopita mwalimu wa kilimo na wanafunzi wake waliziba korongo kwa tuta la udongo ili mvua ikinyesha maji yakusanyike nyuma yake, na jua likija bustani isife. Fedha za mabomba zilitoka shule rafiki. Mvua hii ndiyo ya kwanza kulijaribu. Kazi ya Mgeni ni kusoma kijiti cha kupimia kina cha maji, asubuhi na baada ya masomo.

Kila anapopanda anapita mbele ya dirisha langu, ananipungia mkono. Mguu wangu huacha kukanyaga pedali mpaka arudi. Wateja wameanza kulalamika.

Jumanne, 19 Machi

Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Dada ameanika shuka jikoni, tunapita chini yake tumeinama.

Jumamosi, 23 Machi

Leo wazazi tulialikwa kuona bustani. Nimejitahidi kuona uzuri wake, na kweli upo: matuta ya kabeji yametandazwa majani makavu, mboji inafuka joto, kitalu cha miche kimefunikwa turubai. Ng'ambo ya pili ya korongo kuna stoo ya majembe. Watoto wa madarasa ya chini nao wana vipande vyao vidogo, kila kimoja na kibao cha jina.

Halafu nikainua macho. Nilikuwa nimesimama kati ya kabeji, tuta liko mbele yangu kama ukuta, na nikaelewa kwamba yale maji yote niliyoyaona tulipokuwa juu sasa yako juu ya kichwa changu. Nikamuuliza mwalimu wa kilimo ikiwa mvua itazidi, maji yatatokea wapi. Akanionyesha mfereji pembeni. Kwangu ulionekana mwembamba, lakini mimi nashona nguo. Ni kijana mwenye moyo, analipenda bwawa lake kama mzaliwa wake wa kwanza. Akanipiga bega, akasema tuta limeshindiliwa na wanafunzi mia mbili wakicheza ngoma juu yake.

Mgeni hakucheka. Alikuwa amechuchumaa chini ya tuta, anagusa udongo.

Alhamisi, 28 Machi

Amerudi mapema, hakutaka kula. Akasimama mlangoni mwa karakana.

"Baba," akasema. "Ninaogopa."

Nikamwambia maji yako tayari bafuni, dada amekwisha yachemsha.

"Hapana," akasema. Akatafuta neno, hakuwa na lingine. "Kuogopa. Kuogopa kweli."

Nikasimamisha cherehani. Akaeleza polepole, akichora kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja. Pale chini ya tuta maji yanatoka. Wiki iliyopita yalikuwa meupe, sasa yanatoka na tope. Tope hilo ni udongo wa tuta lenyewe, unatoka kwa ndani. Amemwambia mwalimu, mwalimu amesema kila tuta hutoa jasho.

Nikavaa koti nikaenda shuleni. Mwalimu wa kilimo alikuwa ofisini na mkuu wa shule wakipanga siku ya wageni, maana wafadhili wa mradi wanakuja mwezi ujao kuliona bwawa likiwa limejaa. Nikaeleza nilichoelezwa. Mwalimu akasema lile neno la jasho. Mkuu akasema watoto wa kule wamezoea vitu vya zege, udongo unawatisha. Akaniambia nisiogope.

Nikarudi. Na hili naliandika kama lilivyo: njiani nilipata nafuu. Si kwa sababu niliwaamini. Ni kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata dawa yangu. Nilipofika nilimwambia Mgeni kuanzia leo hakuna kwenda bwawani, mtu mwingine asome kijiti. Akaniuliza, na wale watoto wa bustani je? Nikasema wana wazazi wao. Nikasema mama yako amenipa mtoto mzima, nami nitamrudishia mtoto mzima.

Akachukua taulo lake. Kisha akaenda kuoga.

Ijumaa, 29 Machi

Hakupita dirishani. Nimeshona gauni zima bila kusimama.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua bado. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, namwambia dada. Yeye ananijibu kwamba hajaona mahali kunguru huyo alipokimbiza ubawa wa mwenzake.

Alhamisi, 4 Aprili

Dada ananiambia viatu vya Mgeni vina tope mpaka vifundoni, tena la rangi nyekundu, si la barabarani. Nilipomuuliza akasema la bustani. Nimeamua kuamini.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua mchana kutwa. Barabara imegeuka mto, mbwa wa jirani amepanda juu ya banda la kuku, wamekaa pamoja bila ugomvi.

Jumapili, 7 Aprili

Binti amepiga simu. Sikumweleza kitu. Akaniuliza mbona sauti yangu ndogo, nikasema mtandao.

Jumatatu, 8 Aprili, nimeandika Jumanne

Jana mchana nilikuwa napiga pasi. Nikasikia kama lori linamwaga mawe, lakini lori humwaga likamaliza, na hili halikuisha. Pasi nikaiacha juu ya kitambaa. Dada ndiye aliyeizima, la sivyo tungekuwa tunaililia nyumba pia.

Nilikimbia kuelekea shuleni. Tuta lilikuwa limekatika katikati kama mkate. Korongo lote lilikuwa maji ya rangi ya matofali, yanakwenda na kabeji, mabomba, kiti cha darasani, ng'ombe wa shule akielea kwa ubavu. Bustani haikuwepo. Palikuwa na maji, na juu yake mvua, na nyuma ya mvua huwezi kuona hata mkono wako.

Kengele ya shule ilikuwa inagongwa. Wanafunzi wakapangwa uwanjani wakaitwa majina. Walikosekana wadogo wa darasa la pili waliokuwa na kipindi cha bustani, saba kwa jumla. Na Mgeni.

Mwalimu wa kilimo alikuwa ameketi kwenye tope. Alikuwa amewaacha wale wadogo kwenye kitalu akapanda ofisini mara moja kuchukua mbegu. Kila aliyemkaribia alimwambia, "Niliwaacha kwenye kitalu." Hakuwa na neno lingine. Nilitaka kumpiga. Nikamwangalia nikaona ni mtoto pia.

Msichana mmoja anayesoma na Mgeni akaniambia alimwona kabla ya hapo akishuka korongoni. Akasema hupita huko kila siku kwenda bwawani, njia ya chini, akitokea nyuma ya madarasa. Nikamuuliza kwa nini apite korongoni wakati kuna barabara. Msichana akainamisha kichwa. Akasema, "Barabara inapita dirishani kwako."



Mkuu wa shule akasema lazima familia ya kule iarifiwe, atawapigia wenzake wa shule rafiki. Nikasema hapana. Mtoto alikabidhiwa kwangu, nitasema mimi. Akanipa simu yake. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mama yule hanielewi, na kwamba nyumbani mwake kuna mtu mmoja tu wa kumfikishia maneno yangu.

"Baba?" binti yangu akasema. "Leo si Jumapili."

Nikamuuliza kama mama yuko karibu. Akasema yuko jikoni. Nikamwambia amwite, amshike mkono, aseme kama nitakavyosema, asipunguze neno.

"Mwambie tuta la bwawa limekatika. Mwambie mtoto wake haonekani."

Kwa sauti ya utotoni kabisa akasema, "Baba, mimi siwezi."

"Unaweza, mwanangu. Mwambie tunamtafuta. Mwambie niko hapa kwenye maji."

Nikaisikia sauti ya binti yangu ikisema maneno nisiyoyajua, na nikayajua yote. Nikasikia kiti kikiburuzwa. Sikusikia kilio. Yule mama akasema kitu kifupi.

"Anauliza uko hapo hapo, au uko nyumbani."

"Niko ukingoni."

"Anasema usiondoke. Na yeye haondoki. Anasema tusikate simu."

Basi hatukukata. Nikaiweka simu kwenye mfuko wa nailoni, nikaitia mfuko wa shati, nikaanza kutembea ukingoni na wanaume wengine tukiita. Kila nilipoita jina la mtoto, mama yake alikuwa ananisikia. Mara nyingine nilisikia kifuani mwangu sauti ya binti yangu ikinong'ona kumfasiria, kisha ikaacha, maana hapakuwa na cha kufasiri. Kila mtu anaelewa mtu anayeita.

Mvua ilipopungua kidogo tukasikia chuma kikigongwa. Ilitoka ng'ambo ya pili, upande wa stoo ya majembe. Tukatazama, tukaona rangi ya bluu mlimani juu ya stoo. Lilikuwa turubai la kitalu. Na chini yake vichwa vidogo vimebanana kama miche, mmoja wao anagonga jembe kwa jiwe. Mgeni alikuwa pembeni ameshika ncha ya turubai kwa mkono mmoja.

Maji yalikuwa kati yetu, bado yanakwenda. Sikufikiri. Nilikuwa nimekwisha ingia mpaka magotini nilipomsikia.

"Baba, usije!" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Subiri maji. Sisi wazima. Subiri!"

Mimi ambaye nimemkataza kila kitu tangu afike, nikatii. Nilirudi nyuma nikaketi. Nikatoa simu mfukoni, nikaiinua juu kuelekea kule.

"Amemsikia, Baba," binti yangu akasema. Alikuwa analia sasa. "Mama amemsikia. Amekaa chini sakafuni, mimi namshikilia."

Maji yalishuka kabla ya giza. Tuliwavusha mmoja mmoja kwa kamba.

Jumatano, 10 Aprili

Amevunjika kifundo cha mkono. Daktari ameufunga, anasema mifupa ya umri ule huunga upesi. Wale wadogo ni wazima wote, mmoja ana mafua.

Leo amenieleza. Alikuwa anapita korongoni kila siku nisimwone. Juzi alipofika chini ya tuta aliona tundu linatoa maji mazito, kubwa la kuingiza kichwa. Angeweza kurudi. Akawaona watoto kwenye kitalu. Akawafukuza kama mbuzi kupanda ng'ambo ya pili, aliyekuwa wa mwisho akateleza, akamvuta, na hapo ndipo mkono ulipovunjika. Turubai walilibeba wenyewe, walidhani ni mchezo.

Nimekuwa nikiligeuzageuza jambo hili tangu juzi. Kama nisingemkataza angepita barabara ya juu, angekuwa salama, na wale saba wasingeonywa na mtu. Niliyemtia hatarini ni mimi, na hatari hiyo hiyo ndiyo iliyowapa watoto wale mtu wa kuwaita. Sijui nijilaumu wapi na nishukuru wapi. Dada anasema nisifanye lolote kati ya hayo, nile kwanza.

Lakini ule usemi wangu kwamba wana wazazi wao haunitoki. Nimekutana nao wazazi hao. Walikuja na kuku, mayai, kanga. Mmoja alipiga magoti. Nikakimbilia nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 11 Aprili

Mwalimu wa kilimo amekuja. Amesimamishwa kazi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamtazama Mgeni na mkono wake shingoni, akasema, "Uliniambia." Mgeni akasema, "Ndiyo." Dada akawaletea chai, wakanywa, akaondoka.

Jumapili, 14 Aprili

Simu tuliyoiogopa.

Mama yule anataka mtoto wake arudi. Na akirudi yeye, wangu naye atarudi, ndiyo makubaliano. Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaficha. Mgeni alikuwa ameketi kwenye meza ya kukatia, anasikiliza. Alikwisha mwambia mama yake anataka kubaki: wanafunzi wameanza kupanda upya sehemu ya juu, na bwawa jipya litakuwa dogo, lenye mfereji mpana, chini ya mhandisi. Mama akasema hilo atamwuliza mzazi mwenzake, yaani mimi.

Binti yangu akafasiri: "Baba, anauliza, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mgeni akanikazia macho. Nilijua anachotaka niseme. Nilijua na maneno yake pia, mkuu wa shule alikuwa ameyasema kwenye simu siku nzima ya jana: hakuna hatari tena, wasiogope.

"Mwambie ningekuwa yeye ningemchukua jana," nikasema. "Mwambie naogopa. Niliogopa alipokuwa anakwenda shule, nilikuwa namfuata nyuma mpaka langoni. Nitaogopa mpaka siku nitakayoambiwa amefika kwake. Mwambie sitamwahidi kitu, ila jicho langu halitamwacha."

Mgeni akageuza uso, machozi yakimtoka. Kule binti yangu akafasiri, na katikati akaanza kucheka, akashindwa kuendelea. Nikamuuliza kuna nini.

"Baba, mama wa huku ananifuata kila asubuhi mpaka kituo cha basi. Anajificha nyuma ya miti. Anadhani simwoni. Sasa nimemwambia unavyofanya, amekuwa mwekundu."

Wakazungumza kidogo wao kwa wao. Nilimsikia yule mama akipenga kamasi.

"Anasema abaki," binti yangu akasema mwishowe. "Anasema kila mtu amemwambia asiogope, na hakumwamini hata mmoja. Wewe anakuamini."

Jumanne, 23 Aprili

Mvua ndogo. Mboji mpya imeanza kupata joto.

Jumatano, 1 Mei

Mhandisi amekuja. Amekata mfereji mpana mara tatu kuliko ule wa zamani. Nimeupima kwa futi yangu ya kushonea, akaniacha nifanye hivyo bila kucheka.

Jumatatu, 6 Mei

Kijiti kimesimikwa tena. Baada ya masomo Mgeni alikuja karakanani akasimama mbele yangu, akaniomba ruhusa ya kwenda kukisoma. Mawingu yalikuwa mazito upande wa mlima. Nilitaka kusema ngoja kesho, nilitaka kusema nakuja nawe, nyuzi zimekwisha.

Nikasema, "Nenda, mwanangu."

Akapita barabara ya juu. Nilimfuata kwa macho kupitia dirishani, kofia yake, mkono wake uliofungwa, viatu vyake vya mvua. Alipofika kwenye kona alisimama, akageuka, akangoja mpaka alipohakikisha kwamba namwona. Kisha akaendelea kupanda.